Ngoma Iliyoota Moto

Wapo wanaume wanaokasirika mke akitazamwa, na wapo wanaokasirika mke akichekewa. Jilala wa Kishapu hakujali sana hayo. Kilichomtia wazimu yeye ni mke wake kusikilizwa. Usimcheke upesi, kwanza umjue alikuwa nani.

Jilala alikuwa mpiga ngoma mkuu wa Wagalu, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, kijijini kwao. Kila mwaka, pamba ikishavunwa na kuuzwa, Wagalu na Wagika husimama kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, na upande utakaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Wengine waliutafutia ushindi huo dawa za kujipaka na za kufukia. Jilala aliutafuta kwenye ngozi. Kabla ya mchezo aliwasha moto wa miti ya pamba iliyokauka, akazipanga ngoma kuuzunguka, akawa anapita akizigonga kwa kidole na kutega sikio. Ngozi iliyolegea husema bu, sauti nzito inayokufa hapo hapo. Ikiota moto ikakaza husema ta, mlio mfupi, mkali, unaomfuata mtu hata kisimani akaitupa ndoo. Jilala alijigamba kwamba akiisikia ngoma mara moja atakuambia imekaa motoni muda gani na nani alikuwa anachochea. Watu walisema anatia chumvi, ila ngoma zao zilipogoma walimwita yeye yeye.

Mke wake, Anisia, hakuwa wa Kishapu. Alikuwa Msumbwa wa kule Ushirombo, binti wa familia ya Kikatoliki, mwenye sauti ndogo na kicheko kikubwa. Jilala alimwona kwenye harusi alikokwenda kupiga ngoma, akakosea pigo kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka ule wa sabini na sita walikuwa na binti mmoja, Justa, na Anisia alikuwa mjamzito tena, mimba imetimiza miezi saba.

Basi mchana mmoja, jua limewaka mpaka kuku wamejificha chini ya kitanda, Anisia alikuwa amejilaza mkekani, miguu imemvimba kama ya mtu aliyetembea safari ndefu. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi zahanati.

"Baba Justa, hebu njoo umsikie mwanao," alimwita. "Leo anapiga ngoma kukushinda."

Jilala alicheka. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo, akamsikia mtoto anavyojigeuza. Alifurahi kweli. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, na mke wake amefumba macho, akakipeleka kichwa juu kidogo, akakilaza kifuani kwake kama alivyozoea kufanya tangu siku za kwanza za ndoa. Mapigo ya Anisia aliyajua kuliko alivyoijua ngoma yake mwenyewe. Yalikuwa mawili mawili, ya upole: bu, na jingine dogo nyuma yake, bu.

Siku hiyo hayakuwa hivyo. La kwanza lilikuwa lile lile, lakini la pili lilikuwa limebadilika. Lilikuwa fupi, kali, limekazwa. Bu-ta. Bu-ta. Bu-ta.

Jilala aliganda pale pale. Mlio ule aliujua sana. Ulikuwa mlio wa ngozi iliyoota moto, ngoma iliyo tayari kwenda uwanjani. Na ngoma haijikazi yenyewe. Lazima kuna moto, na moto una aliyeuwasha.

"Zahanati mmefanya nini leo?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kupimwa tu. Kaka Leodgar kasema nipumzike."

Kaka Leodgar. Wivu ulimwingia Jilala. Kaka wa tumbo gani huyo?

Leodgar alikuwa mganga wa zahanati ya misheni, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyeletwa miezi michache kabla ya hapo. Naye alitoka Ushirombo. Siku ya kwanza Anisia alipomsikia anazungumza alirudi nyumbani akiimba, maana miaka mitano alikuwa hajapata mtu wa kusema naye Kisumbwa. Jilala alifurahi kwa ajili yake, siku ile. Sasa furaha ile aliijutia.

Juma lililofuata alimsindikiza mkewe zahanati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Anisia alifurahi, maskini, akadhani anahurumiwa. Jilala alikaa kwenye benchi la nje, mbele ya dirisha lililo wazi, akajitia kutengeneza ukanda wa kiatu. Aliona kila kitu. Aliona mke wake anafungwa kitambaa cheusi mkononi, Leodgar anaminya mpira mdogo kukijaza upepo, halafu anaweka kisahani cha chuma kwenye kiwiko, kwa ndani, mipira ya kusikilizia imemwingia masikioni. Hayo yote angeyavumilia. Lakini Leodgar alifumba macho.

Alifumba macho kama anavyofumba Jilala akitafuta mlio wa ngozi! Akatulia hivyo, anasikiliza mkono wa mke wa mtu. Kisha akahamisha kisahani, akakiweka kifuani, akafumba tena. Kisha akamgeuza, akamsikiliza mgongo. Jilala alihisi anaibiwa mchana kweupe, na mwizi anaibia taratibu, wala hana haraka. Miaka yote alikuwa yeye peke yake duniani anayejua ndani ya kifua kile kunalia vipi. Sasa kulikuwa na mwingine, tena mwenye sikio la chuma.

Na walikuwa wanaongea Kisumbwa. Leodgar alisema neno, Anisia akacheka kile kicheko chake kikubwa. Jilala alikata ukanda wa kiatu.

Njiani kurudi, walipokwisha kuvuka mto mkavu, Jilala aliuliza:

"Alikuambia nini mpaka ukacheka?"

"Alisema miguu yangu imenenepa kama ya mama mkwe wa padre," Anisia alisema, akaanza kucheka tena. Alipomwona mumewe hacheki, kicheko kikamkauka. "Ni utani tu, Baba Justa. Padre ana mama mkwe? Kanikataza chumvi. Kasema presha imepanda, niende kila juma, na ikizidi nipelekwe hospitali Shinyanga."

"Tangu lini chumvi ikawa ugonjwa? Watu wanapigana kwa kukosa chumvi, yeye anakukataza. Anataka urudi kila juma, basi." Alisimama katikati ya njia. "Huendi tena."

Anisia alimtazama, akainamisha macho. Hakuwa mtu wa kubishana njiani. Nyumbani, mama yake Jilala, Bi Mageni, aliyekuwa anaishi nao, alipoelezwa alisema miguu ikivimba ni mtoto wa kiume huyo, zahanati ya nini. Neno hilo likampa Jilala nguvu.

Akadhani ameuzima moto. Kila mchana Anisia alipojilaza, yeye alikuja, akaweka sikio. Alitaka asikie ngozi inavyolegea siku baada ya siku, kama ngoma iliyoondolewa motoni. Haikulegea. Ilizidi kukaza. Leodgar hayupo, zahanati haiendwi, na moyo bado unasema ta, ta, ta.

Hapo ndipo wivu wake ulipofikia mahali pabaya, maana mtu uliyemwona dirishani unaweza kumzuia, lakini aliye kichwani mwa mkeo utamzuiaje? Jilala aliamua kwamba Anisia anamwaza. Akilala anamwaza, akitwanga anamwaza, akimsuka Justa anamwaza.

"Unamfikiria nani?" akawa anamuuliza, sikio liko kifuani, macho yamemtoka.

"Simfikirii mtu. Kichwa kinaniuma."

"Moyo wako hausemi hivyo."

"Sasa mimi nifanyeje na moyo, Baba Justa? Nao si mimi ninayeupiga." Siku nyingine alilia. Siku nyingine alitazama tu nyasi za paa, akingoja kichwa kile kizito kiondoke. Alianza kujilaza akiwa amejikunja upande, kifua amekielekeza ukutani, kisifikiwe. Jilala alisikiliza mgongoni. Mgongoni pia ilisema ta.

Nasema hivi kwa uchungu: sikio la Jilala lilikuwa linasikia sawasawa. Halikukosea hata kidogo. Kichwa chake ndicho kilichokosea.

Ikafika siku ya ngoma. Uwanja ulijaa watu waliotoka hadi Mhunze, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya pamba. Wagika walikuwa wameleta mcheza na nyoka, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kuwasogelea. Jilala aliwasha moto wake, akapanga ngoma, ile kubwa ya babu yake akaiweka karibu zaidi. Januari, msaidizi wake, alikuwa anafunga njuga.

Hapo Jilala akainua macho, akaona baiskeli. Leodgar alikuwa anapita pembeni mwa uwanja, mkoba umefungwa nyuma ya kiti, hatazami ngoma wala watu. Alikata kona kwenye mkuyu, akashika njia ya kwa Jilala.

Damu ilimchemka. Basi ndiyo leo! Mwenye nyumba yuko uwanjani, mama yake yuko uwanjani, na mtu anakwenda nyumbani kwake mchana. Alikamata mchapo wa ngoma, ile fimbo ya kupigia, akaondoka mbio. Januari alimwita, "Jilala, ngoma! Ngoma iko motoni!" Hakusikia, yeye mwenye sikio lile.

Aliwakuta uani. Anisia alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta, uso umevimba, mkono umefungwa kile kitambaa cheusi. Justa alikuwa amelala mkekani kando yake. Leodgar alikuwa amepiga magoti vumbini, mipira iko masikioni, macho ameyafumba.

"Toka!" Jilala alinguruma, mchapo uko juu. "Toka kwangu kabla sijakupasua!"

Anisia alishtuka, akaushika mkono wake kama ulioumwa na nyuki. Leodgar alifumbua macho. Hakusimama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na ilionekana wazi kwamba anaogopa, lakini pia alikuwa na hasira.

"Nipige ukitaka," alisema. "Ila kwanza usikilize. Si wewe unajisifu kwa kusikiliza? Haya." Akaivua mipira, akamnyooshea.

Jilala hakuitegemea hiyo. Mchapo ukashuka wenyewe. Na nikuambie ukweli, aliitamani mipira ile tangu siku ya kwanza. Akachuchumaa, akaiingiza masikioni. Leodgar alimwekea kisahani kifuani mwa mkewe.

Mlio ulimjia karibu na wazi kiasi kwamba alirudi nyuma. Bu-ta! Bu-ta! Kama amesimama ndani ya ngoma.

"Umesikia lile la pili?"

"Nimelisikia kabla yako," Jilala alisema kwa uchungu. "Nalisikia tangu mwezi uliopita. Limekazwa. Niambie wewe nani kaliwasha moto."

Leodgar aliushusha mkono wenye kisahani. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini mwanamke huyu amekosa kuja zahanati majuma yote yale.

"Moyo una milango, ndugu yangu. Ukisukuma damu itoke, mlango hujifunga nyuma yake, damu isirudi. Huo ndio mlio wa pili. Presha ikiwa ya kawaida, mlango unajirudishia taratibu. Presha ikipanda, damu inaubamiza. Hiyo ta yako ni mlango unaobamizwa. Si furaha hiyo. Sikiliza na huku." Alikijaza upepo kitambaa, akahamishia kisahani kwenye kiwiko. "Sasa kimya, si ndiyo? Nimeifunga damu njia. Nakifungulia polepole. Ikianza kupenya, itagonga. Wewe ingeanza kugonga sindano ya kipimo hiki ikiwa hapa chini. Yeye je?"

Sindano ilikuwa bado juu sana mlio ulipoanza: to, to, to, kama mtu anayegonga mlango aponyoke. Jilala aliitazama sindano. Hakujua kusoma namba za kizungu zile, ila aliona ilipo na ilipopaswa kuwa.

"Tangu asubuhi naona vimulimuli," Anisia alisema kwa sauti ndogo. "Vinanipita machoni."

Ungedhani Jilala angelainika hapo, lakini wivu hauondoki kwa kuelezwa. Alikuwa anaona jinsi Leodgar alivyoushika mkono ule kwa upole, kidole gumba juu ya mshipa, na kitu fulani ndani yake kilikuwa bado kinataka mchapo.

Ndipo Januari alipoingia uani akihema, amebeba ngoma kubwa mikononi kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Uliiacha motoni ukaenda wapi?" alifoka. "Tazama! Wagika wanatucheka!"

Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Haikuwa imeungua. Ilikuwa imekaza, ikakaza, ikafika mwisho wake. Jilala alizijua ngoma za namna hiyo. Mpigaji mjinga ndiye huzifurahia zinavyolia vizuri dakika ile ya mwisho. Aliupitisha mkono kwenye ule mpasuko. Akamtazama Anisia, uso uliovimba, macho yanayotafuta vimulimuli.

"Mpeleke," alimwambia Leodgar. "Mpeleke sasa hivi."

Walipata lori la pamba linalokwenda Shinyanga. Anisia alilazwa juu ya magunia, ngozi ya ng'ombe juu yake kukinga jua. Jilala alipanda, akaketi kichwani pake. Lilipoanza kwenda, Leodgar, aliyepanda nao, alimpima Anisia, akakunja uso, akampima tena.

"Ndugu Jilala, nakuomba ukakae mbele na dereva."

"Kwa nini?"

"Apumzike."

"Mimi namzuia asipumzike?"

Leodgar alimwonyesha Anisia kwa macho. Anisia alikuwa amefumba macho, kope zinamchezacheza. Jilala aliuma meno hata taya zikalia. Lori lilisimamishwa, akashuka, akaenda kukaa mbele. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri. Nyuma yake, kupitia tundu la nyuma ya kiti cha dereva, alisikia Kisumbwa kinazungumzwa polepole, kisha kikanyamaza. Akasikia upepo unajazwa kitambaani na kufunguliwa. Akamsikia Leodgar anasema, kwa Kiswahili, kama aliyetaka asikike, "Imeshuka kidogo. Vizuri, Anisia. Hivyo hivyo." Jilala alitazama barabara. Yaani mimi nikiondoka ndiyo inashuka, alijisemea, na wivu ukamchoma upya. Aliona kwamba mkewe ametulia kwa sababu yuko na yule. Hakuona zaidi ya hapo.

Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya siku zake, wa kiume kweli kama Bi Mageni alivyosema, mdogo wa kubebwa kwa kiganja, lakini mwenye kelele. Anisia alikaa siku mbili hajitambui, halafu akafumbua macho akaomba uji. Waliporudi Kishapu, presha ilikuwa imekwisha kushuka, na Leodgar alikuwa amehamishiwa upande wa Ushetu kwenye wakulima wa tumbaku. Jilala alipoambiwa amehama alijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Aliwamba ngozi mpya kwenye ngoma ya babu yake, akaianika kivulini, akasema sasa nyumba yake imetulia.

Mchana mmoja aliingia ndani akamkuta Anisia amelala ubavu, mtoto yuko kwapani amenyonya akasinzia. Miguu yake ilikuwa imerudi kuwa ile aliyoijua. Jilala alipiga magoti taratibu, akaweka sikio mgongoni pake, kati ya mabega.

Bu, bu. Bu, bu. Laini, mapigo mawili ya upole, yale ya siku za kwanza. Machozi yalimlenga. Alifumba macho akasikiliza hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu mchana ule wa kiangazi hakumwonea mtu yeyote wivu.

Anisia aliamka. Jilala alijua kabla hajatikisika, maana alisikia pumzi imekatika. Anisia alikihisi kile kichwa mgongoni, akakijua ni cha nani. Na hapo hapo, chini ya sikio la mumewe, pasipo zahanati, pasipo Leodgar, pasipo mtu mwingine nyumbani isipokuwa mtoto aliyelala, pigo la pili likaanza kukaza. Bu-ta. Bu-ta. Bu-ta.

"Simfikirii mtu," Anisia alisema haraka, kabla hajaulizwa neno. "Haki ya Mungu, Baba Justa, simfikirii mtu."

Jilala alibaki ameinama. Alikuwa amesema sikuzote kwamba akiisikia ngoma mara moja atakuambia nani alikuwa anachochea.

Aliinua kichwa polepole, asimshtue zaidi. Akamfunika mtoto mguu uliokuwa nje ya khanga. Kisha akatoka, akaketi mbali, kule kwenye boma la ng'ombe, kwa sababu ngoma iliyokazwa na moto haina dawa nyingine ila moto wenyewe kuondoka.